Tumeenda kuangua maembe Sengerema na watoto, nimerudi na jamu iliyogeuka lami

Baba Watatu (mleta mada)

Wakuu, mwangaluka.

Naleta uzi huu kwa mambo mawili: kujisifu na kuomba msaada. Tuanze na sifa.

Dada yangu mkubwa anaishi Marekani, jimbo la Michigan. Kila ikifika Oktoba simu yangu inajaa picha: yeye, shemeji na watoto, masweta mwilini, kila mtu na mfuko wake, wanachuma matufaha (epo kwa sisi wa mjini) kwenye shamba la mtu. Unalipia mfuko, unaingia, unajaza mwenyewe. Miti yenyewe mifupi, hata mtoto wa miaka minne anafika. Wakirudi nyumbani wiki nzima ni jamu, keki, matufaha ya kuoka. Wanangu wakaziona. Yule wa kati, ana miaka tisa, akaniuliza, "Baba, sisi shamba letu liko wapi?"

Swali likaniingia. Nyuma ya nyumba ya mama, upande wa Sengerema, kuna miembe kumi na mmoja. Kila Desemba maembe yanaanguka, yanaoza, mbuzi wa jirani wanashiba, na mimi hapa Buhongwa, Mwanza, nanunua dodo moja moja kwenye meza ya barabarani kama mtu asiye na kwao.

Halafu kuna hili. Dada akiongea Kiswahili chake cha kamusi huo msimu wao anauita vuli. Vuli ya kwao majani yanakauka na kupukutika. Vuli yetu mvua inapiga bati na embe linaanza kuwa na rangi. Nikasema basi, na sisi tuna vuli, twendeni.

Jumamosi saa kumi na moja alfajiri tukajaa kwenye Noah ya rafiki yangu. Wakubwa mnakikumbuka kivuko cha Kigongo na Busisi: umefika saa mbili, unavuka saa nne, mahindi ya kuchoma umeshamaliza matatu. Tangu daraja lifunguliwe Juni 2025 ni kilomita 3 tu juu ya maji. Mdogo alikuwa bado anauliza kama tumefika ziwani, tukawa tumeshavuka. Mahindi yale nayakumbuka, foleni ile hapana.

Tumefika, mtoto wa kwanza kashuka kwenye gari, kaokota jiwe. Simlaumu, wote tumekua kwa kupopoa. Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi: "Ee baba, mmekuja kuchuma au kupigana?" Akatutolea kingoe. Hicho kingoe nikieleze, maana nimekipenda. Mti mrefu mwepesi, kwenye ncha kuna kulabu ya waya, na chini ya kulabu kaning'iniza mfuko wa chandarua kikuukuu alioushonea mdomo kwa waya wa duara. Unaliingiza embe mfukoni, unavuta kikonyo kwa kulabu, tap, embe limo. Halijagusa chini, halina jeraha. Binti yangu alikikamata saa tatu asubuhi na hakukiachia hadi saa saba. Mimi nikapanda juu kwa yale ya ndani, mke wangu na mkubwa wakashika shuka chini.

Chungu wekundu walinila. Sitaki kulizungumzia zaidi.

Mdogo, miaka mitano, alichukua embe likiwa linatoka mtini akaling'ata kichwani kwenye kikonyo. Utomvu ukamtiririka kidevuni. Jioni ngozi imewiva, kesho yake alama nyeusi kama kaunguzwa na pasi. Bibi yake akamtazama: "Mume wangu, mimi niliolewa na mwenye kidevu kizima."

Tukarudi na viroba vitatu na ndoo mbili.

Sasa msaada. Jumapili jioni nikafuata maelekezo ya dada ya jamu ya matufaha, nikaweka maembe. Yeye anasema ukifika nyuzi 220 za kipimo chao, zima. Nikabadilisha, ikatoka 104 na kitu. Nikanunua kipimajoto cha jikoni, nikajiona mtaalamu. Maembe yaliyoiva kilo nne, sukari kilo tatu, sufuria kubwa ya shughuli. Ikapanda 97, 99, 100. Ikawa nzito, inarusha matone kama uji wa ulezi, mikono yote imeungua. Mke wangu anasema izime. Mimi nasema bado nne. Bado tatu. Ilipofika 103 ikatoa harufu ya moshi. Nilipoiacha, mwiko ulisimama wenyewe katikati ya sufuria.

Nimepata chupa nne za lami. Ukiingiza kisu kinapinda. Nimekosea wapi? Na nina viroba viwili na nusu vinavyotaka kuiva vyote siku moja.

Mjukuu wa Kirumba

"Bado tatu." Mkuu nimecheka hadi abiria wa daladala wamegeuka. Pole.

Mama Mapishi Pasiansi

Kaka, dada yako hakukosea na kipimajoto hakikukosea. Tatizo mmepika kwenye urefu tofauti.

Sisi huku tuko juu. Uso wa ziwa lenyewe uko mita 1,134 kutoka usawa wa bahari, na nyumba zetu za milimani ziko juu zaidi. Ukipanda juu hewa inakuwa nyepesi, maji yanachemka mapema. Mwanza maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, hayafiki 100. Jamu inaiva pale inapozidi maji yanayochemka kwa nyuzi nne na nusu. Ile 104 ni hesabu ya watu wanaoishi karibu na usawa wa bahari. Hesabu yako wewe ni 100, ikizidi sana 101. Mkeo aliposema izime alikuwa sahihi kwa kila kitu. Ulipokuwa unahesabu bado tatu ulikuwa unapika peremende.

Ukitaka kuendelea na kipimajoto chako, kwanza chemsha maji matupu, soma inasimama ngapi, jumlisha nne na nusu, andika kwenye mlango wa kabati. Mimi situmii. Naweka kisosi kwenye friza, jamu ikianza kuwa nzito natoa sufuria motoni kidogo, nadondosha tone kwenye kisosi cha baridi, nasubiri dakika moja, nalisukuma kwa kidole. Likikunja ngozi juu, imekubali. Likitiririka kama juisi, narudisha motoni.

Lingine: tufaha na embe hazifanani sufuriani. Tufaha lina pektini nyingi, hasa kwenye ganda na kokwa, ndiyo kitu kinachogandisha jamu. Linajigandisha lenyewe. Embe lililoiva vizuri lina kidogo. Kwa hiyo hata ungezima kwenye 100, kwa maembe matupu yaliyoiva ungepata rojo. Changanya: mafungu matatu yaliyoiva, fungu moja ambalo bado gumu, ndani la manjano lakini lina uchachu. Kamulia ndimu nne kwa kilo nne. Sukari usizidishe, kilo tatu inatosha, mimi naweka mbili na nusu kwa sababu dodo ni tamu lenyewe, ila nikipunguza hivyo chupa ikifunguliwa inakaa kwenye friji.

Chupa zichemshe kabla. Ukishajaza na kufunga, zirudishe kwenye maji yanayochemka. Maelekezo ya wenzetu yakikwambia dakika kumi, wewe weka kumi na tano, sababu ni ile ile ya urefu.

Mtani wa Bagamoyo

Wasukuma mmeanza kupika jamu, dunia imefika mbali. Sisi watani zenu tunawangoja mlete kwenye misiba.

Hao chungu wekundu huku Pwani tunawaita majimoto. Usiwachome moto wala kuwapulizia dawa. Mwembe wenye majimoto hausumbuliwi sana na nzi wa matunda. Vaa shati la mikono mirefu, jipake majivu mikononi, panda haraka shuka haraka.

Na hayo maembe bichi mnayatupa? Embe bichi ni kiungo cha mchuzi wa samaki. Kwaruza, weka badala ya ukwaju au ndimu. Ninyi mna sato mnamchemsha na nyanya tu, dhambi hiyo.

Baba Watatu (mleta mada)

Mama Mapishi, nimechemsha maji. Yamesimama 96. Nimemwonyesha mke wangu, hakusema kitu, akaenda kufungua dirisha.

Mtani, leo jioni najaribu sato.

Bwanashamba Mstaafu

Naongezea machache, nimefanya kazi na wakulima wa kanda hii miaka mingi.

Kuhusu kidevu cha mtoto. Utomvu wa embe ni mkali kwa sababu mwembe na mkorosho ni ukoo mmoja. Unatoka kwa nguvu pale kikonyo kinapong'oka, hasa asubuhi. Unapoangua, acha kikonyo kirefu kama pingili ya kidole. Ukifika chini ndipo unakikata, unalaza embe kichwa chini juu ya nyasi au kamba zilizotandikwa, linachuruzika saa moja au mbili. Lisipochuruzika, utomvu unaunguza hata ganda lake, unaona michirizi myeusi na sokoni mteja anakwambia limeoza.

Kukomaa na kuiva ni vitu viwili. Embe lililokomaa mabega yake yamejaa yamepita mahali kikonyo kilipoingia. Ukilitumbukiza kwenye ndoo ya maji linazama. Linaloelea bado, hata ulivundike mwezi litanyauka tu. Wapeni watoto kazi hiyo ya ndoo, wanaipenda. Yanayozama weka huku ya kuvundika, yanayoelea ni ya mchuzi na achari.

Kuhusu yale yaliyooza chini ya miti ya mama. Hayo ndiyo yanayoharibu ya mwakani. Kuna nzi wa matunda mgeni, alionekana Afrika Mashariki mara ya kwanza mwaka 2003. Jike anatoboa ganda, anataga ndani, ndiyo maana unapasua embe zuri la nje unakuta funza. Funza akishiba anashuka udongoni, anatoka nzi mpya. Mbuzi wa jirani wanakusaidia kuliko unavyojua. Yanayobaki okota kila baada ya siku mbili, chimba shimo la nusu mita au zaidi ufukie, au jaza kwenye mfuko mweusi wa plastiki, funga, acha juani siku kadhaa wafe humo humo.

Na kama watoto watakuuliza kwa nini hatupandi matufaha hapa Mwanza: mtufaha unataka baridi ya muda mrefu ili ulale, uamke, utoe maua. Ndiyo maana hapa nchini utayakuta Njombe, Makete, Lushoto. Ziwa letu halilali.

Kijana wa Nansio

Samahani wakuu, mimi naona tofauti. Jamu, jamu, nani kijijini anakula jamu? Kilo tatu za sukari kwa mkaa wa saa mbili, halafu unaipaka kwenye mkate ambao nao umenunua. Huku Ukerewe kwenye machungwa tunaona mambo hayo hayo, msimu ukija bei inaanguka, wataalamu wanakuja na semina ya juisi, wakiondoka chupa zinabaki za kuwekea mafuta ya taa.

Mleta mada mama yako kasema nini? Nina hakika yeye ana jibu.

Baba Watatu (mleta mada)

Kijana wa Nansio umenigusa. Nilimpigia mama jana nimweleze habari za pektini. Akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na michembe tunafanyaje?"

Kwa wasiojua: michembe ni viazi vitamu vinavyokatwa vibichi, vinaanikwa, vinakaa mwaka. Vikichemshwa kwanza ndipo vikaanikwa tunaita matobolwa. Mama anasema embe lililoanza kuiva lakini bado gumu ukilimenya na kulikata vipande kama vya michembe linakauka vile vile. Yeye amekuwa akianika juu ya lile jiwe kubwa nyuma ya zizi tangu mimi sijazaliwa, na mimi nilikuwa nikiyala nikidhani ni mapapai! Miaka arobaini na moja nimekula kitu nisichokijua kwa mama yangu mwenyewe.

Jiwe linashika joto, ukiweka mkono saa saba unautoa. Shida ni hii vuli, mvua inaweza kuja saa nane bila hodi, na nzi. Jirani yangu fundi seremala amenitengenezea boksi la mbao: juu nailoni nyeupe ya kupitisha jua, chini wavu, ubavuni matundu yenye chandarua hewa ipite. Vipande nimekata unene wa daftari la shule. Siku ya kwanza vimelegea, siku ya pili vimekuwa kama ngozi, siku ya tatu mawingu tupu nikaanza kuogopa ukungu, siku ya nne jua likatoka. Ukikunja kipande hakivunjiki na hakitoi maji. Ndoo nzima ya maembe imeingia kwenye kopo moja la maziwa la kilo mbili, na nusu ya kopo watoto wameshamaliza wakidai wanaonja.

Sato sasa. Mtani, nakusalimia kwa heshima.

Nilichukua sato wawili wabichi kutoka soko la samaki la Mwaloni, macho bado yanang'aa. Nikawapaka chumvi na kitunguu saumu, nikawapitisha kwenye mafuta kidogo tu wasimame, wasikauke. Pembeni kitunguu maji, nyanya tatu, bizari kidogo, pilipili moja nzima isiyopasuliwa. Embe bichi mawili nimeyakwaruza kwa kikwaruzo cha karoti. Nusu nikaiweka na nyanya ikayeyuka yote, nusu nikaiweka mwishoni samaki akiwa ndani, dakika tano, ili meno yaikute. Sikuweka tui, wala ndimu. Tukala na ugali wa udaga (muhogo uliochachushwa), ule mweusi unaovutika, na ule uchachu wa embe na uchachu wa udaga vikakutana. Binti yangu alilamba sahani, mama yake akamtazama, halafu naye akageuza uso akalamba yake.

Mjukuu wa Kirumba

Mkuu na dagaa je? Mimi ni bachela, sato mbali.

Mama Mapishi Pasiansi

Dagaa inakubali kuliko hata sato. Watoe vichwa, waoshe maji ya vuguvugu, wakaange wakauke, toa. Kaanga kitunguu, weka embe bichi lililokwaruzwa na pilipili, rudisha dagaa, mimina karanga za kusaga zilizokorogwa na maji kidogo. Usifunike. Embe linaukata ule uzito wa karanga, na shombo ya dagaa inapungua bila kumalizia ndimu ya jirani.

Dada wa Igoma

Naomba kuuliza jamani. Mimi niliyo nayo yamekomaa, yamezama kwenye ndoo kama mzee alivyosema, lakini ni ya kijani kabisa na wageni ni Jumamosi. Kuna mtu sokoni aliniambia kuna unga wa kuweka, yanaiva usiku mmoja.

Bwanashamba Mstaafu

Usiweke huo unga, binti. Mara nyingi ni kabaidi, ile ya mafundi wa kuchomelea, na inaweza kubeba sumu. Inabadilisha rangi ya nje, ndani linabaki gumu na halina utamu.

Vundika kawaida. Yafunge kwenye boksi lenye magazeti au nyasi kavu, weka mahali pa joto, usiyaweke kwenye friji maana baridi chini ya nyuzi 12 au 13 inaliua embe bichi, haliivi tena. Embe lenyewe linatoa hewa inayoiviza wenzake, ndiyo siri ya kuyafunika. Ukitaka kuharakisha, weka humo ndizi moja iliyoiva sana au tufaha moja. Tufaha linatoa hewa hiyo kwa wingi. Leo Jumanne, ukiyafunika sasa hivi Jumamosi utapata ya kula.

Mtani wa Bagamoyo

Yaani epo moja lisafirishwe kutoka Afrika Kusini lije Mwanza kuiviza ndoo ya maembe. Kumbe lina faida.

Dada wa Igoma

Nimeweka ndizi. Asante sana mzee, wabeja.

Kijana wa Nansio

Mleta mada, jamu ya pili vipi? Usitukimbie.

Baba Watatu (mleta mada)

Sijakimbia, nilikuwa nasugua sufuria. Ile lami ilichukua siku mbili kutoka, kwa maji ya moto na magadi.

Jamu ya pili nimepika jana. Robo magumu, robo tatu yaliyoiva, ndimu nne, sukari kilo mbili na nusu. Kipimajoto nimempa mke wangu, mimi nimeshika mwiko tu. Kwenye 99 akadai kisosi. Tone likatiririka. Kwenye 100 na nusu tukajaribu tena, likajikunja kama alivyosema Mama Mapishi, akazima bila kuniuliza. Chupa tisa. Asubuhi nimeigeuza moja kichwa chini, ikatikisika kidogo, haikumwagika. Rangi yake kama kiini cha yai la kienyeji. Tumekula na chapati, Kijana wa Nansio, sikununua mkate.

Dada nimempigia kwa video, kaiona chupa, akanyamaza kidogo kisha akauliza kama ule mwembe wa karibu na kisima bado upo. Nikamwambia upo, ndiko yalikotoka. Anataka tumtumie vile vilivyokaushwa, jamu anasema anazo za kutosha.

Swali la mwisho najua mtaniuliza: chupa nne za lami ziko wapi? Mbili zipo. Nilikata kipande, nikakiyeyusha na maji ya ndimu na pilipili, nikampaka sato wa kuchoma akiwa juu ya mkaa. Ile harufu ya kuungua ikaingiana na moshi. Shemeji zangu walikuja Jumapili wameuliza nimenunua wapi hiyo sosi, na jamu nzuri ya chupa tisa hakuna aliyeigusa. Mke wangu amesema habari hiyo isifike kwenye uzi.